Nani Akae Tezi?

"Mtumbwi si muwa, useme tutaukata mapingili tugawane!" alifoka Asumini, mguu mmoja ndani ya tope na mwingine juu ya ukingo wa mtumbwi, kana kwamba akiuondoa tu, mtumbwi utaibwa.

"Nani kasema ukatwe?" Mkumbwa akamjibu. "Mimi nasema nipewe."

"Upewe kwa lipi?"

"Kwa lipi! Jamani, huyu ananiuliza kwa lipi!"

"Nakuuliza, ndiyo. Una mdomo, jibu."

Chande alikuwa amekaa juu ya kisiki akijikwangua tope kisiginoni. Akacheka. "Gombaneni tu. Mkichoka mnisukumie mtumbwi wangu, niondoke kabla maji hayajakupwa."

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mvule, mzito, mweusi kwa mafuta. Kuna mfanyabiashara aliwahi kuutolea laki nane taslimu, akaambiwa azirudishe mfukoni zisilowe. Sasa ulikuwa umeegeshwa kwenye ukingo wa shamba la mpunga, ubavu umepasuka na kuzibwa, na watu watatu kila mmoja anasema ni wangu. Katikati yao alisimama Somoe, ambaye ndiye mwenye kuutoa. Alikuwa ameshika kafi la nyuma kwa mikono miwili, na hajui amkabidhi nani.

Ni vizuri kueleza jambo hili kuanzia mwanzo, bila kulipamba. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni kuna swali, na swali hilo halitamwamsha mtu kwa upole.

Kijiji chao kiko kule Rufiji inakochoka kuwa mto mmoja. Inajigawa mikondo, mikondo inazaa vijito, vijito vinapotelea kwenye mikoko, na mgeni akiingia humo asubuhi, mchana anaanza kuisalimia miti aliyokwisha kuisalimia. Huko mtu hapimwi kwa mavazi wala kwa maneno. Anapimwa kwa kile anachokiweza majini.

Mkumbwa alijaliwa ulimi. Si ulimi wa maneno, la, wa maneno alikuwa nao mdogo. Yeye hutia kidole majini, akalamba, akatulia kidogo kama mtu anayekumbuka jina, kisha akasema: "Huu unakwenda baharini. Ule pale unatoka mtoni." Na ndivyo inavyokuwa. Mkewe alikoma kumbadilishia maji ya chai, kwa sababu akionja tu humwambia yametekwa kisima gani, naye humjibu aende akakioe kisima hicho. Mkumbwa huyu alikuwa shemeji yake Somoe, mdogo wa marehemu mumewe.

Asumini alijaliwa mikono. Alikuwa shoga wa Somoe tangu wanachezwa ngoma pamoja. Chombo kikivuja, mwenyewe hakulala mpaka Asumini akipitie. Hukigongagonga ubavuni kama mtu anayechagua dafu, akatega sikio, akaweka kidole palepale penye ufa hata kama ufa wenyewe haujajijua. Kijiji kizima kilivua juu ya kazi yake. Yeye mwenyewe hakuwa na mtumbwi. Akitaka kwenda kuvua pweza alisimama ufukoni na kuomba, "Nipakieni na mimi."

Chande alijaliwa usingizi. Msicheke. Alikuwa binamu yake Somoe, na kwao mabinamu hutaniana mpaka kaburini, hivyo yeye ndiye aliyecheka wa kwanza kila alipotajwa. Lakini wanaokwenda dago, wale wanaokaa siku nyingi wakivua na kulala juu ya vichuguu vya mchanga katikati ya maji, walimgombania. Chande akitandika mkeka huchimba kishimo upande wa miguuni, akatumbukiza kisigino humo, kisha akakoroma. Maji yakitaka kupanda huanza kuja kwa chini, kupitia mchangani, kabla jicho halijayaona. Kisigino kikilowa, Chande ameamka. Hakuna mtu aliyelala dago na Chande akaamka ameelea. Lakini chombo alichovulia kilikuwa cha kukodi, na nusu ya samaki wake waliliwa na mwenye chombo.

Somoe naye? Somoe alijaliwa neno. Akisema, amesema. Hakukopa, hakukopesha, na alimwambia kila mtu usoni anachomfikiria, jambo lililomfanya aheshimiwe sana na aalikwe mara chache.

Basi mwaka ule mpunga wa kijiji kizima uliharibika, na mbegu zikaliwa. Ikabaki mbegu moja tu ya zamani, inaitwa Mwanya, kwa sababu punje yake ina kaufa kadogo nchani kama jino lililoachana na mwenzake. Ilikuwa ndani ya kanda moja, juu ya dari, kwenye moshi wa jiko la mama yake Somoe. Mama huyo miguu ilikwisha kumkataa. Akashushiwa kanda, akalipakata kama mtoto, akamwambia bintiye: "Hii ikifa, mimi na mama yangu na mama yake tumelima bure."

Shamba la Mwanya liko juu, mahali ambapo maji ya mto yanayashinda maji ya bahari. Kufika huko ni siku tatu za kupiga makafi na kulala dago njiani. Na mvua ilikwisha kuanza. Na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, lilikuwa linakaribia.

"Shemeji, subiri bamvua lipite," Mkumbwa alimwambia. "Vijito vikifurika hakuna njia wala kando ya njia."

"Mvua itanisubiri mimi?"

"Haitakusubiri."

"Basi na mimi sikusubiri wewe."

Lakini peke yake asingeweza, na alijua. Akatoka uani mbele ya majirani, akaelekeza mkono ulipofungwa mtumbwi wa marehemu. "Atakayenifikishia mbegu hii shambani ikiwa hai, ule pale ni wake. Nimesema."

Mjane kuutoa mtumbwi wa mumewe si jambo dogo. Asumini alikwenda moja kwa moja akaugonga ubavuni. Chande akaenda kuchukua mkeka wake. Mkumbwa alibaki amesimama akiutazama. Siku ule mti ulipochongwa, kaka yake alishika tezo upande mmoja, naye akashika upande wa pili.

Wakaondoka wote wanne.

Siku ya kwanza ilikuwa ya raha, semeni mtakavyo. Maji yaliwabeba. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake kama akina mama walioshika kanga zao zisilowe, na kaa wekundu waliwapungia magando. Jioni walipiga dago chini ya mti mmoja mpana, wakafukiza makumbi ya nazi kufukuza mbu, wakachoma samaki, wakala watatu na kugombania kichwa cha wa nne. Kiboko akapiga miayo upande wa pili wa mkondo. Chande akamwambia Somoe, "Binamu, ndugu yako anauliza umemwachia nini." Somoe akamrushia mfupa. Kanda la mbegu lilitundikwa juu, mbali na umande, na kila mmoja alilitazama mara moja kabla ya kulala.

Ugomvi ulianza siku ya pili, na ulianzia msikitini.

Kijiji chao kina misikiti miwili. Mwezi ule, msikiti wa chini uliupokea mwandamo kwa ushahidi wa mvuvi mmoja mwenye macho makali. Msikiti wa juu ukasema mvuvi huyo aliona ukingo wa wingu, ukaanza kuhesabu kesho yake. Nchi kavu tofauti ya siku moja haimuumizi mtu; sana sana ubwabwa wa maulidi unaliwa mara mbili. Somoe alikuwa mtu wa msikiti wa juu. Mkumbwa wa chini.

"Leo mwezi kumi na tatu," alisema Somoe, akipiga kafi. "Tutafika kabla ya kilele cha bamvua. Nilipiga hesabu vizuri."

"Leo kumi na nne, shemeji."

"Kumi na tatu."

"Maji hayasali msikiti wowote," Chande akasema kutoka katikati. "Muulizeni mwezi wenyewe."

Lakini mbingu ilikuwa imejifunika mawingu tangu walipoondoka, na mwezi haukuonekana hata ukucha. Somoe akakata shauri. Katika dago zao kuna desturi: mwenye safari ndiye mwenye hesabu, na anayebishana na hesabu ya mwenye safari anaambiwa akatengeneze safari yake. "Safari ni yangu," alisema, "na mwezi ni wangu. Kumi na tatu."

Mkumbwa akaonja maji, akatazama mbele, na tangu hapo hakuutaja mwezi tena. Likumbukeni hilo, kwa sababu Asumini alilikumbuka.

Siku ya tatu walipiga makafi tangu alfajiri, wakitumia mkondo. Mchana ukawakuta wamechoka hoi, mbele ya kisiwa kidogo cha mchanga na makombe.

"Hapa tupike, tujinyooshe, jioni tuendelee," alisema Somoe. "Chande, hapa pakavu?"

"Pakavu siku zote, ila kwenye kilele cha bamvua."

"Kilele ni kesho. Shukeni."

Asumini akaufunga mtumbwi kwenye mzizi wa mkoko kwa kamba fupi, mafundo mawili, kwa sababu alichukia chombo kinachozurura. Mkumbwa akaweka jiko. Chande akachimba kishimo chake.

"Unachimba choo?" Somoe akamtania.

"Nachimba saa," Chande akasema, akatia kisigino, akafumba macho. Walipokwisha kula, kila mtu akafuata. Alasiri yenye mawingu, tumbo lina wali, mikono imekufa ganzi, nani asilale?

Sasa tegeni masikio, maana kesi yote iko hapa.

Chande ndiye aliyeamka. Kisigino kilikuwa ndani ya maji na maji yalikuwa ya baridi. Akainua kichwa: kisiwa kilichokuwa na ukubwa wa uwanja kimebaki na ukubwa wa mkeka, na bahari inakuja kimyakimya kutoka kila upande. "Amkeni! Maji!" Hakungoja mtu. Aliruka akalinyakua kanda la mbegu, ambalo safari hii lilikuwa limewekwa chini, kwenye kivuli, na pembe yake moja tayari inanyonya. Akalitwika kichwani. Wenzake walipokuwa wakitafuta sufuria na vichwa vyao, yeye alipanda juu ya mizizi ya mkoko akasimama hapo, maji yakimpanda magotini, kiunoni, kifuani, mikono yote miwili juu, akipiga kelele, "Leteni mtumbwi! Mimi si mnara!" Angelala kidogo tu zaidi, kanda lingekuwa linaelekea baharini, na wao nyuma yake.

Asumini ndiye aliyeufuata mtumbwi. Ile kamba fupi ilikuwa imeushika pua chini wakati maji yanaupandisha mkia, mkondo ukauzungusha, ukaubamiza kwenye kisiki. Ubavu ulikuwa umeachia ufa wa urefu wa mkono, na maji yakiingia kama yameitwa. Alikata kamba kwa meno na kisu. Hakuwa na pamba, hakuwa na utomvu, hakuwa na mahali pa kukauka hata yeye mwenyewe. Akaivua kanga ya juu, ya harusi yake, akaipasua vipande. Akavunja mche wa sabuni ya kufulia, akaukanda na vipande vile mpaka ukawa donge zito, akaushindilia ndani ya ufa kwa kidole gumba, inchi kwa inchi, huku amezama mpaka shingoni na chombo kikimyumbisha. Somoe alikuwa ndani akifua maji kwa sufuria la wali, akiyamwaga nje. Ufa ukafunga. Wakasogea, wakampakia Chande na kanda lake, mikono yake imeganda juu hata ikabidi waishushe wao. Ufa usingezibwa, wangekuwa watu wanne wameng'ang'ania mti, wakingojea mamba wahesabu.

Mkumbwa ndiye aliyewatoa. Kwani walipokaa ndani ya mtumbwi waligundua kwamba hakuna mkondo tena, hakuna kijito, hakuna ukingo. Kuna maji tu na vichwa vya mikoko, na vichwa vyote vinafanana. Somoe akaingiza kidole kwenye pembe ya kanda iliyolowa, akakitoa, akauliza kwa sauti ambayo hawakuizoea kwake: "Shemeji, hii ni nini?" Mkumbwa akakilamba kile kidole kilicholowa. "Chumvi." Mbegu iliyokunywa chumvi haichukui muda kufa. Basi akainama ukingoni, akaonja. Chumvi. Wakasogea. Chumvi. Wakasogea, akaonja tena, akatema, akasema kushoto. Alionja mpaka midomo ikapasuka. Ndipo akapata uzi mwembamba wa maji matamu, mto wenyewe ukipita juu ya bahari bila kuchanganyika, akaufuata uzi huo kwa ulimi kama mtu anayefuata ukuta gizani. Maji yalipokuwa matamu kabisa akasema, "Hapa. Ioshe." Wakaiosha mbegu yote, wakaifunika na majani mabichi, na mbele yao, pale miti ilipofunguka, palikuwa na dungu la Somoe, kile kibanda chake cha miguu mirefu, limesimama katikati ya shamba.

Baada ya siku mbili, asubuhi, walifunua majani. Kila punje ilikuwa imetoa ncha nyeupe, ndogo kama jino la mtoto. Mwanya ilikuwa hai. Wakaimwaga kitaluni siku hiyohiyo, mpaka punje ya mwisho ikaingia ardhini.

Kisha wakatazamana. Kisha wakautazama mtumbwi.

Sasa mnajua walivyofika pale pa muwa na mapingili.

"Haya, tuseme kweli bila kuzunguka," alisema Somoe. "Kila mtu aseme lake, nimsikie."

"Langu fupi," Chande akasema. "Mbegu ilikuwa kichwani kwa nani?"

Somoe akaitikia kwa kichwa. Kweli. Mbegu aliibeba Chande. Mkono wake ukalisogeza kafi upande wa Chande.

"Ikiwa kichwani kwako ukiwa wapi?" Asumini akadakia. "Juu ya mti! Nisingekuletea chombo ungekuwa bado uko kule, kunguru wanakula mpunga mwanya kwa mwanya. Mtumbwi huu ulikufa, mimi nikaufufua. Mwenye kufufua ndiye mwenye uhai. Na kanga yangu ya harusi iko ndani ya ubavu wake, shoga, nitakwenda kuiomba kwa nani?"

Hilo nalo kweli. Kafi likasogea.

"Nani aliyeuua?" Mkumbwa akauliza polepole.

"Nini?"

"Nauliza, kamba fupi, mafundo mawili, alifunga nani?"

Asumini akamgeukia kwa nguvu. "Na wewe uliyejua kwamba ni kumi na tano ukanyamaza? Ulijua, Mkumbwa! Uliyaonja maji ukajua, ukanuna kama bwana harusi aliyenyimwa kuku. Umetuokoa na kitu ulichotuficha!"

"Nilisema siku ya pili. Nikaambiwa mwezi una mwenyewe."

Wote wakamgeukia Somoe. Alitaka kumjibu mtu, lakini jibu lote lilikuwa linamrudia yeye. Hesabu ilikuwa yake. Kisiwa alikichagua yeye.

"Sawa," alisema. "Mwezi niliukosea mimi. Limeisha hilo. Endelea, shemeji."

"Sina mengi. Walikuwa na mbegu, walikuwa na chombo, na walikuwa wamepotea. Mbegu yenyewe ilikuwa inakufa. Wewe ulisema ifike, na ulisema iwe hai. Iliyofika nimeifikisha mimi, na iliyo hai nimeihuisha mimi." Kisha akaongeza akitazama pembeni: "Na huu mti niliuchonga."

"Kuchonga hakumo kwenye ahadi," Chande akasema.

"Najua hakumo. Nimesema tu."

Somoe alisikia kichwa kinazunguka kama kile chombo kwenye kisiki. Akimwangalia Chande, anaona kweli. Akimwangalia Asumini, anaona kweli nyingine, na ile ya kwanza haijaondoka. Akimwangalia Mkumbwa, anaona kweli ya tatu, na nyuma yake uso wa marehemu. Ingekuwa nafuu mmoja wao angekuwa mwongo. Mwongo angemjua la kumfanya.

"Tuuze," alijaribu. "Yule wa laki nane bado yupo. Mgawane."

"Uliahidi pesa?" Asumini akamuuliza.

"Sikuahidi pesa."

"Basi."

"Muutumie kwa zamu. Huyu wiki hii, huyu wiki ile."

Chande akacheka mpaka akakohoa. "Binamu! Maji mazuri ya kuvua yanakuja mara mbili kwa mwezi, na sisi tuko watatu. Chombo cha watatu huoza kila mmoja akidhani mwenzake amekipaka mafuta."

"Au ubaki nao mwenyewe," Asumini akasema, na hapo sauti yake ilikuwa nyembamba kama wembe. "Nawe ulifua maji, si tulikuona? Sema mbegu umeifikisha mwenyewe. Sisi tutatembea kwa miguu mpaka nyumbani, juu ya mamba."

Neno hilo lilimchoma Somoe, kwa sababu lilikwisha kupita kichwani mwake. Lilipita, akaliona, akalifukuza. Yeye si mtu wa kuahidi mbele ya majirani na kubadilisha akiwa porini.

Na kulikuwa na jingine. Wao watatu walikuwa wanarudi. Yeye alikuwa anabaki dunguni, peke yake, kuwafukuza ndege na nguruwe, mpaka mpunga uive. Wakati wa mavuno lazima mtu aje kumchukua na magunia yake, na chombo cha kuja nacho ndicho hiki. Akimpa mmoja, wawili wanakwenda zao na kinyongo, na kijijini watasema Somoe ana neno la msikiti wa juu: linachelewa siku moja. Asipompa yeyote, nani atakuja? Mama yake atakaa kibarazani akingojea Mwanya, na Mwanya itaozea shambani, imevuka bahari nzima ije ife kwa kukosa wa kuibeba.

Maji yalikuwa yameanza kukupwa. Mtumbwi ulifika pale ukingoni kwa sababu ya bamvua, na kila siku tangu kilele maji yalipungua kidogo. Chini ya pua ya chombo mstari wa tope ulikwisha kuonekana, unang'aa. Wasipoondoka sasa, chombo kitakaa juu ya tope mpaka bamvua jingine likiletee maji, na chakula cha watu wanne hakikuwepo.

"Pandeni basi," alisema Somoe. "Mtaamua njiani."

Hakuna aliyepanda. Na hapa mgeni asiyejua desturi ya kule angeshangaa. Mtumbwi una tezi, nyuma, na una omo, mbele. Anayekaa tezi ndiye anayeuongoza, na kwao mtu hakai tezi ya mtumbwi mbele ya mwenyewe ila kwa ruhusa yake. Tangu marehemu afariki, tezi ya mtumbwi huo amekaa Somoe. Leo Somoe habebwi. Atakayekaa tezi kutoka shambani ataonekana na kijiji kizima akiingia, na kijiji hakitauliza. Kitajua mtumbwi ni wa nani. Aliyekaa omo siku hiyo atakaa omo maisha yake yote.

Wakasimama watatu, tope limewafika vifundoni, kila mmoja ametoa mkono kwa lile kafi la nyuma. Mkono wa kwanza, mwenyewe mabega yake hayajateremka sawasawa tangu juzi. Mkono wa pili kidole gumba kimechubuka na bado kinanuka sabuni. Mkono wa tatu ulikuwa wa mtu ambaye midomo yake ilikuwa imepasukapasuka, hata kuongea kulimuuma.

"Nipe, binamu."

"Nipe, shoga."

"Nipe, shemeji."

Tope likapanda kidogo tena kwenye ubavu wa mtumbwi. Somoe akalitazama kafi. Akawatazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akageuka kutafuta mtu wa kumuuliza, na hapakuwa na mtu, ila nyinyi.

Basi msiangalie chini, na msiniambie kila mmoja ana haki yake. Hilo Somoe analijua, na maji hayamngojei. Aliyewaamsha, aliyeziba, aliyeonja. Ungekuwa wewe ndiye umelishika kafi, ungeliweka kwenye mkono gani? Mmekaa mkasikia shauri lote tangu mwanzo hadi mwisho, na anayesikia shauri lote anadaiwa hukumu.

Nipeni.